Mama Vifungo na Nyota ya Mwenzake

Kabla sijasema lolote juu ya mpwa wangu, mjue kwamba nampenda. Nalisema mapema kwa sababu nikishaanza kumchambua mtadhani tumegombea urithi. Ni mtoto wa dada yangu, nimembeba mgongoni, na ubishi wote alionao kautoa upande wa baba yake. Upande wetu sisi ni watu wapole, wenye sura nzuri.

Kazini wanamwita Mama Vifungo. Ana miaka kumi na mitatu katika karakana ya kushona sare za shule: chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, cherehani sita, meza ya kukatia kubwa kama kitanda cha familia nzima. Shati likifika kwake lina kila kitu isipokuwa namna ya kufungika, na hiyo ndiyo kazi yake, matundu na vifungo. Mimi ndiye ninayezitengeneza cherehani zile. Shule niliishia darasa la sita, la saba nikaliacha lisije likanichanganya, lakini niletee cherehani iliyogoma mwaka mzima, nitaiongelesha mpaka ione haya. Kila Alhamisi napita kuzitia mafuta, na napita saa nne kamili. Saa nne ni chai, na chai ya Alhamisi ndiyo chai ya nyota.

Siku hiyo ndiyo hutoka gazeti la wiki. Mwenye karakana hulinunua kwa ajili ya matangazo ya zabuni, akishalipitia huwaachia mafundi. Ukurasa wa kumi na nne una nyota zote kumi na mbili, na msomaji wake miaka yote alikuwa Mama Vifungo. Tena hakusoma tu, alitia na mkia. Utaratibu ulijulikana na kila mtu mle ndani: miwani ikiwa machoni, hayo ni maneno ya gazeti. Akiivua na kuishika mkononi, hayo ni ya kwake, cheka utakavyo.

"Mapacha," anasoma, miwani machoni. "Utapokea habari kutoka mbali." Anaivua. "Mbali yenyewe ni kwa muuza mkaa hapo kona, anakuarifu bei imepanda."

"Na Simba je?" nauliza mimi. Mimi ni Simba. Tarehe yangu ya kuzaliwa haijulikani, marehemu mama alikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo nilizipitia nyota zote nikachukua inayonifaa.

"Simba: wiki hii punguza kujisifu."

"Vua miwani, wewe!"

"Sivui, Mjomba. Imeandikwa."

Wa kwanza kucheka siku zote alikuwa Mkasi, mkataji wa vitambaa, mwenye nyota ya Mashuke. Mwanamke mrefu, na kicheko chake huanzia tumboni kikaishia mezani, maana huipiga meza kwa kiganja. Yeye na mpwa wangu walianza kazi wiki moja, wakauguliwa pamoja, wakafiwa pamoja. Mama Vifungo akimaliza utani wake, jicho linakwenda kwa Mkasi kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Mkasi akipiga meza, basi, wengine wacheke wasicheke ni shauri yao.

Sasa akaja Mgeni. Aliletwa kwenye cherehani ya kufunga kingo za vitambaa, mwaka ukapita, jina la Mgeni likabaki. Huyu alikuwa na simu, na nyota kwake zilifika Jumatatu. Anazisoma kwa sauti za kuigiza, mara kama mchungaji, mara kama mke aliyenuna, anazituma kwa wenzake kwenye simu zao. Mkasi alikuwa akisikiliza huku mkasi wenyewe umesimama katikati ya kitambaa.

"Mama Vifungo, hebu sikia hii!"

"Nimeshaisikia."

"Utaisikiaje na imeingia sasa hivi?"

"Basi nitaisikia Alhamisi, ikishaiva."

Alhamisi ikifika, nyota zimepoa. Anasoma, anavua miwani, anatia mkia, na Mkasi anatabasamu tu, kama mtu aliyekwisha shiba kwa jirani. Mpwa wangu akaanza kusikia kicheko kile katikati ya kelele za cherehani sita, na kukihesabu. Wiki moja mashati ishirini yalirudishwa na shule: matundu yamebana, mtoto hafungi mpaka asaidiwe na walimu wawili.

Akanilalamikia nyumbani kwake, huku ananimiminia chai. "Yule Mgeni anamchekesha mpaka anapiga meza, Mjomba."

"Si meza ya Mkasi mwenyewe?"

"Hunielewi."

"Nakuelewa sana. Una wivu."

"Wivu? Mimi? Mtu mzima na watoto wangu?" Akanitilia sukari mara ya pili katika kikombe kile kile. Nikainywa, sukari sikatai.

Kilichovunja kila kitu kilikuwa nyumba. Mkasi alitaka kuhama, na nyumba mbili za kwanza alikwenda kuzitazama na Mama Vifungo, kama ilivyo kawaida yao. Ya tatu alimwomba Mgeni amsindikize Jumamosi. Mpwa wangu alizisikia habari hizi kwa mpiga pasi, tena wamesimama kwenye foleni ya choo. Fikiria aibu hiyo.

Alhamisi yake akafungua gazeti. Mimi nilikuwa chini ya cherehani, bisibisi mkononi. Akasoma Punda, akasoma Ng'ombe, akafika Mashuke, miwani iko machoni.

"Mashuke. Kuna mtu mpya aliye karibu nawe. Anacheka nawe, kumbe anaipima nafasi yako kwa jicho. Wiki hii usimwonyeshe mlango wa nyumba yako."

Watu wakasubiri miwani ivuliwe. Haikuvuliwa. Akaendelea na Mizani kama vile hakuna kitu.

Mimi nilijua. Nimemjua tangu hana meno, akidanganya husoma haraka. Ningeweza kutoka chini ya ile cherehani nikasema, lakini nilijiambia ni nyota tu, nani aliyewahi kuumia kwa nyota? Fundi mzima nikajificha nyuma ya mkanda wa cherehani.

Mkasi aliliamini gazeti. Jioni ile ile akamwambia Mgeni kwamba Jumamosi hatakwenda, kichwa kinamuuma. Ijumaa akanywa chai peke yake, amesimama.

"Dada, nimekukosea?" Mgeni akamuuliza.

"Hapana. Kazi nyingi tu."

Jumamosi kichwa kikapona, akaenda kuitazama nyumba na Mama Vifungo. Mpwa wangu alirudi anaimba. Alinihadithia rangi ya milango mara tatu.

Sasa sikia kosa, na kosa hili angeweza kulifanya mtu wa karakana ile peke yake. Gazeti likishasomwa halitupwi. Linakwenda kwenye meza ya kukatia, Mkasi anachora juu yake kola na mikono, anaikata karatasi kwanza ndipo kitambaa kifuate. Na anayelipeleka pale, kila Jumatatu asubuhi kwa miaka kumi na mitatu, ni Mama Vifungo. Hata Jumatatu ile alilipeleka. Mikono ilikwenda yenyewe, akili iko kwenye milango ya watu. Akalitandaza, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mkasi akaweka kipimo cha kola juu ya ukurasa wa kumi na nne. Chaki ikasimama.

"Mama Vifungo. Njoo unisomee hapa."

Akaja. Cherehani moja ilikuwa imegoma, ndiyo maana nilikuwapo Jumatatu ile; nilimwona akifika, nikamwona akiona.

"Soma."

"Mashuke," akasoma, safari hii polepole. "Wiki ya kawaida. Kunywa maji ya kutosha."

"Alhamisi ulikuwa na miwani machoni."

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini?"

"Ulimwomba yeye akusindikize. Mimi hukuniomba."

"Anakaa mtaa ule! Anajua maji yanatoka siku gani!"

"Ungeniambia, ningekwenda kuuliza."

"Jamani," nikasema mimi, "nyota zenyewe hizi..."

"Mjomba, nyamaza!" Wote wawili, kwa pamoja. Hilo walikubaliana.

Mkasi akaokota chaki yake. "Mimi sina neno. Mwenye kudai maneno yuko kule." Akaelekeza kwa kidevu.

Ni hatua kumi na mbili kufika kwa Mgeni, na mpwa wangu alizitembea kama mia. Mgeni alikuwa amekwisha zima cherehani.

"Yale ya Mashuke niliyatunga," akamwambia. "Gazeti halikusema hivyo."

"Yote?"

"Yote."

Mgeni akauviringisha kidoleni uzi mrefu uliokatika, akaufungua, akauviringisha tena. "Jumamosi nilisema huenda kichwa kikapona, nikafagia nyumba, nikanunua mkate, nikakaa mlangoni. Nilikuwa nawasubiri."

"Nani?"

"Wewe na yeye. Nilimwambia Mkasi aje na wewe. Akasema atakuambia Ijumaa." Akamtazama. "Zile sauti ninazotuma, yeye anacheka hata nikikohoa. Wewe ndiye niliyekuwa nataka ucheke."

Mpwa wangu, mwenye mkia wa kila nyota, safari hii hakutia mkia. Akasema samahani. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akawasha cherehani.

Alhamisi tatu zikapita bila nyota. Gazeti lilikaa juu ya rafu ya nyuzi limekunjwa, watu wakanywa chai dakika tano wakarudi kazini, mwenye karakana akafurahi peke yake. Mimi, Simba mzima, niliishi majuma matatu bila mwongozo wowote.

Siku ya Mkasi kuhamia nyumba ile ya tatu, Mama Vifungo hakualikwa. Alikuja kwangu asubuhi.

"Niende?"

"Umeitwa?"

"Sijaitwa."

"Mtu asiyeitwa anakwenda kufanya kazi. Twende."

Tuliwakuta wamekwama mlangoni na kitanda. Mkasi ndani, Mgeni nje, kitanda kiko katikati kimegoma. Mimi nikachukua usimamizi: inamisheni, geuzeni, siyo hivyo! Hakuna aliyenisikiliza. Mpwa wangu akapita pembeni, akakamata mguu wa kitanda uliokuwa unakwaruza ukuta.

Mkasi akamwona. Hakusalimu. Akageukia upande wa Mgeni, akamwambia kitu kwa sauti ya chini, na Mgeni akacheka.

Nikamtazama mpwa wangu usoni. Msidanganyike kwamba wivu ulikuwa umeisha. Ulikuwa umemkaba pale pale, mishipa ya shingo imemtoka, macho yanakwenda kwa Mkasi, yanarudi kwa Mgeni. Nikasema moyoni, sasa anauachia mguu, kitanda kinawaangukia.

"Mama Vifungo," Mkasi akasema, "unashika, au umekuja kututazama?"

"Nimeshika," akajibu. "Vuteni."