Karani wa Tozo ya Daraja

Karani wa dirisha la tozo ya kujenga daraja jipya ana sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa. Kabla ya kugonga muhuri huupulizia pumzi, kisha huinyoosha risiti kwa kiganja ingawa haina kunyanzi. Juzi mama mmoja muuza vyombo alimwuliza, "Mwanangu, biashara zimekufa, watu wamefukuzwa kazi. Hilo daraja watapita akina nani?" Jibu la wakubwa analijua kwa moyo, kwamba maendeleo hayangoji mtu. Safari hii akaliacha, akasema ukweli. "Sijui, mama. Hata mishahara yetu ya miezi mitatu imemwagwa kwenye zile nguzo za daraja." Mama akamtazama. "Pole, mwanangu," akasema, akalipa. Karani akagonga muhuri, akamkabidhi risiti ameinamisha uso machozi yasionekane.