Shimo Ambalo Sikuliandika

Mpango wa maendeleo wa mtaa wetu hapa Mikelenge niliuandika mimi. Nasema mapema, maana siku hizi watu wakilalamika husema, "Wageni walituharibia," nami huinamisha kichwa nikanyamaza, kana kwamba mkono ulioshika kalamu ulikuwa wa mtu mwingine.

Nyuma ya kiwanja cha mama yangu palikuwa na korongo. Sisi tuliliita shimo, basi. Maji ya mvua yaliyoteremka kutoka barabarani yalipita pale yakienda mtoni, na kila msimu yalikwenda na udongo. Kabla ya vita hakuna aliyelijali. Watu walikuwa na mashamba yao nje ya mji, na shimo lilikuwa mahali pa kutupa takataka.

Kisha vita vikatufungia mjini. Treni haikuja, boti hazikuja, na wapiganaji walikaa pande zote. Mwanamke aliyethubutu kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe hakuwa na hakika ya kurudi, na wengine hawakurudi. Hapo kila kipande cha ardhi ndani ya mji kikawa shamba: ua wa shule niliyokuwa nikifundisha, kando ya reli, mbele ya milango. Mama alilima kiwanja chake chote mpaka ukingoni mwa shimo, akapanda muhogo kwa ajili ya sombe, mboga ya majani yake, akapanda lengalenga na matembele. Mvua kubwa ya kwanza ikachukua matuta matatu. Alilia kwa hasira, na mimi sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika baba.

Kesho yake alizunguka kwa majirani. Kwetu kuna likilimba: leo sote tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mjane wa jirani, na malipo ya mtu ni zamu yake. Lakini likilimba ni mambo ya shamba, hakuna aliyewahi kuiitisha kwa ajili ya shimo.

"Mashamba yetu iko mbali, hatuifikii tena," mama aliwaambia. "Hii njo shamba yenye tumebakia nayo. Tuishike."

Wakachagua Jumanne na Alhamisi, ili Ijumaa ibaki ya msikiti na Jumapili ya kanisa. Walikuwa wanawake kumi na kitu, na wanaume wachache kama mimi ambao kazi zao zilikuwa zimefungwa. Tulikita vigingi kukatiza njia ya maji, tukasuka matawi nyuma yake, tukajaza mchanga kwenye magunia yaliyochakaa, tukapanda nyasi, na ukingoni tukapanda mianzi. Tulikuwa na njaa sote. Tukimaliza tulikunywa maji ya moto yenye mchaichai, bila sukari, na wanawake waliita hiyo chai ya wakubwa. Msimu wa pili shimo halikusogea hata hatua. Asubuhi ungesikia mwanamke akilipigia kelele kutoka juu, "Ungali umelala?" na wenzake wakicheka. Sijapata kuishi tena na watu wa namna ile, ingawa ni hawa hawa ninaoishi nao.

Vita vikapungua, boti zikarudi, na wageni wa shirika la misaada wakaja na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema. Waliomba mtaa uchague karani wa mpango, na watu wakanichagua kwa sababu ya mwandiko na Kifaransa changu. Kijana aliyeongoza mkutano alitoka mkoa mwingine, mwenye adabu zake, na mpaka leo nashindwa kumchukia. Aliuliza matatizo yetu ni yapi. Mama alisimama wa kwanza.

"Andika shimo."

Nikaandika. Kijana akaomba kulitembelea, tukamshusha mpaka chini. Alishika vigingi, akasifu sana, akapiga na picha. Tuliporudi mkutanoni akasema kwa upole kwamba jambo ambalo wenyeji wameshalimudu haliingii kwenye mpango, kwani mpango ni wa yale yanayowashinda. Akapendekeza nyumba ya mikutano.

"Tunaiweza juu ya kuifanya kila juma," mama akajibu. "Tukiacha, itaamuka."

Watu wote wakanitazama mimi. Kwetu, mgeni aliyetoka mbali haambiwi mbele za watu kwamba amekosea. Unamkubalia, unamshukuru, unampa kuku, akishaondoka unaendelea na mambo yako. Tumewakubalia wengi hivyo, tangu wakubwa wa zamani, na hatukufa. Basi nikalikata shimo kwa mstari, nikaandika nyumba ya mikutano. Jioni nilimwambia mama, "Usihangaike. Mupango ni karatasi tu. Wakienda, tutaendelea na yetu."

Safari hii karatasi ilikuja na chumvi. Kila aliyebeba mawe ya ujenzi alipewa pakiti, na sisi tulikuwa tumekaa muda mrefu tukila majani yasiyo na ladha. Halafu wageni wakaniuliza ni siku zipi watu wamezoea kufanya kazi pamoja. Nami, mpumbavu mkubwa, nikawajibu ukweli: Jumanne na Alhamisi. Siku hizo hizo zikawa za ujenzi.

Mama alibaki shimoni na wanawake wawili, kisha na mmoja. Siwalaumu waliokwenda, hata mke wangu alikwenda, na chumvi ile nilikula. Ujenzi ulipofika juu ikahitajika miti ya jukwaa la mafundi, na miti ya karibu ilikuwa mianzi yetu. Mama alisimama mbele yake na panga mkononi.

"Hii mianzi njo inashika udongo. Mwende kukata pengine."

Jirani mmoja, mtu mwema, mzee wa rika lake, akamwambia, "Mama, miye mwenyewe niliipanda."

Ilikuwa kweli, aliipanda. Nikamvuta mama pembeni, nikamwambia mwanzi ukikatwa huchipua. Ulichipua pia, lakini machipukizi yakaliwa na mbuzi, maana hapakuwa na mtu wa kuwafukuza.

Nyumba ya mikutano ikazinduliwa kwa hotuba na soda. Chumvi ikaisha. Jumanne iliyofuata niliitisha likilimba shimoni, tukatokea mama, mimi na yule mjane. Nikapita mlango kwa mlango.

"Kuko nini pale?" waliniuliza.

"Kuko shimo."

"Na tutapewa nini?"

Miaka miwili nyuma hakuna ambaye angeuliza swali hilo, wangeona aibu. Ile nyumba siku hizi hufunguliwa pale tu timu nyingine inapokuja kuandika mpango mwingine. Mimi nimekuwa karani mara tatu. Najua kuandika maendeleo endelevu, najua kuandika ushiriki wa wanajamii, tena kwa mwandiko mzuri, na nikiyasoma yale maneno natamani kuyatemea mate.

Msimu huu wa mvua shimo lilifika kwa mama. Ilikuwa mchana. Ukuta wa nyuma ulitangulia, kisha jiko. Majirani walikuja mbio, hilo siwanyimi: walitoa kitanda, masufuria, mlango, mabati, mvua ikiwapiga. Hakuna aliyeumia. Mama tulimkalisha juu ya godoro lake kando ya barabara. Nikaitazama ile mikono yote, ya Waislamu na ya Wakristo, imejaa udongo kama zamani. Nikaona nikisema neno sasa hivi, watakubali. Hata kiwanja kilichobaki kingeweza kuokolewa, na nyumba tano zinazokifuata. Nikafungua kinywa niseme Jumanne.

Yule jirani wa mianzi akanishika mkono, akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, hii yote uiandike muzuri. Wageni wakikuja, jina yangu iwe ya kwanza kwa wale walibeba."

Nikageuka. Mama alikuwa amesikia.

"Umuandike, papa," akaniambia, kwa jina aliloniita tangu utotoni, bila hasira yoyote. "Weye njo unajua kuandika."

Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, na nikamwandika.