Upande wa Matembele

Bustani ya mtaa wetu hapa Bertrams ina sheria moja tu inayofuatwa: ikifika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kila mwenye kitalu awe amekisafisha, la sivyo anapewa mwingine. Kitalu chetu kilikuwa cha mke wangu. Mimi ni fundi cherehani, mikono yangu haijui udongo, na kwa miaka kumi na miwili kazi yangu pale ilikuwa kula. Lakini mke wangu alifariki Julai, na sikuwa tayari kumwona mtu akipanda kabichi mahali alipokuwa akiinama yeye. Nikaazima jembe.

Kwetu Tanga hatuna majira haya ya kuchipua. Tuna masika, tuna vuli, na katikati jua. Huku kusini, Juni na Julai baridi inaua kila kitu, halafu Agosti unakuja upepo wa vumbi, halafu siku moja unatoka nje bila sweta na watu wanakwambia haya, panda. Mke wangu aliyaelewa mambo haya. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba anazungumza na majani kuliko anavyozungumza na mumewe. Sasa nyumbani hakuna wa kuzungumza. Nikizima cherehani nasikia friji.

Nilikwenda Jumatano asubuhi, peke yangu, nisije nikaonekana nashika jembe vibaya. Upande wa barabarani palikuwa na mabua ya mahindi tu. Upande wa ukutani palikuwa na matembele yake. Marando ya kwanza yalitoka Tanga kwa basi, siku nne njiani, yamefungwa kwenye kitambaa kibichi, na kila Jumapili tulikula majani yake kwa nazi. Yale matembele hasa ndiyo yaliyonifanya nikitake kitalu. Nikayakuta yamefunikwa kwa nyasi kavu, na chini ya nyasi ni meusi, yamenyauka, ukiyagusa yanavunjika.

Kwetu tembele halinyauki namna hiyo ila limekufa. Unakwenda kwa jirani, unaomba marando mengine, unachomeka, basi. Hapa sikuwa na jirani wa kumwomba. Niliona uchungu, na mimi nikiona uchungu hugeuka hasira.

Nilipovuta zile nyasi jembe likanasa kitambaa. Nikakitoa. Kilikuwa khanga ya mke wangu, imejaa udongo, na pindo moja limeoza.

Khanga ile niliijua vizuri. Baada ya maziko, mdogo wake alikuja kutoka mtaa wa Mayfair kukunja nguo za marehemu, na alipoondoka nikafungua kabati nikakuta ile doti imebaki kipande kimoja. Sikumuuliza. Nilishaamua kwamba amekichukua, na tangu siku hiyo akipiga simu naiacha inaita mpaka ichoke. Mke wangu alikuwa akisema mnuno wangu ungeweza kupangishiwa chumba chake.

Sasa kile kipande nilikuwa nacho mkononi. Nikajiambia kwamba kilimdondoka siku moja akasahau. Aibu ya shemeji nikaiweka kando, niishughulikie siku nyingine. Nikalima. Nilichimbua mizizi yote, hata vile viazi vyembamba kama kidole, nikasomba toroli tatu mpaka kwenye lundo la mboji. Adhuhuri kitalu kilikuwa safi kama meza yangu ya kukatia nguo. Nilijisifu, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisifu.

Jumamosi akaja mama wa kitalu cha jirani, Mkongomani, mpole sana. Alisimama akakitazama kitalu changu muda mrefu.

"Papa, matembele iko wapi?"

"Yalikufa, mama. Nimeyang'oa."

"Eish, papa! Hayakufaka. Kwa baridi yanalala tu. Mama, bibi yako, alikuwa anayafunika kila mwaka. Huu mwaka alikuja na ugonjwa wake, nikamwambia, mama, acha, nitafunika mimi. Akakatala. Nyasi haikutosha, akatoa kitambaa yake mwilini."

Miaka kumi na miwili nilikula majani yale, na hata siku moja sikuuliza yanakaa wapi wakati wa baridi. Kwa maneno ya yule mama, mke wangu alikuja mwanzoni mwa Juni, wiki ile ile aliyolazwa. Kazi ya mwisho ya mikono yake nimeifukua kwa jembe la kuazima.

Nilipiga magoti kwenye lundo la mboji, nikalichambua mpaka jua likanichoma kisogo. Jua la siku tatu lilikuwa limeshavikausha vile viazi karibu vyote. Nilipata viazi vitatu ambavyo ukivibonyeza bado vina maji. Nikavizika pale pale ukutani, na kila nikimaliza kushona nilikwenda kuvitazama, mzee mzima nimechuchumaa mbele ya udongo mtupu. Viwili vilioza. Cha tatu, baada ya mvua ya kwanza ya Oktoba, kikatoa jicho jekundu. Nililia, na ninalisema bila haya.

Novemba nilichuma majani ya kwanza. Hayakutimia hata fungu moja. Nikayafunga kwenye gazeti, na Ijumaa baada ya sala nikapita nayo kwa shemeji, kule kule Mayfair. Alifungua mlango, akanikaribisha kana kwamba nilikuja jana.

"Khanga nimeiona," nikasema. "Ilikuwa bustanini. Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeichukua. Nisamehe, shemeji."

Akaketi. Akalifungua gazeti, akayagusa yale majani mojamoja.

"Mimi sikujua habari ya khanga," akasema. "Nilikuwa nakupigia kwa jambo jingine. Dada aliniagiza pale hospitali. Alisema yeye akianza tu habari za bustani wewe unamwambia apumzike, kwa hiyo nikwambie mimi: ikifika Septemba usilime upande wa matembele, uyaache yaamke yenyewe."

Kisha akanitazama, wala hakuwa amekasirika.

"Nimekupigia mara ngapi, shemeji?"