Picha ya Kwenda Amritsar

Kwa miezi saba nilimzuia mwanamke mzee asifike mahali alipotamani kufika tangu ujana wake, na katika miezi hiyo nilikula vizuri na kulala vizuri. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nitalificha.

Nilikuwa karani wa Singasinga mmoja mwenye karakana ya useremala hapa mjini, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Alikuja kwetu kutoka Nairobi kwa njia ya Rodezia. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa reli, na Kifaransa hakujua kusoma hata neno. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri. Barua zake zote na fomu zake zote zilipita mikononi mwangu. Yeye alijua mbao za mulombwa, mimi nilijua ofisi.

Mwaka ule nilikuwa naposa. Baba wa binti, mtu wa reli aliyetoka kaskazini kama baba yangu, alikuja asubuhi moja karakanani kuona mposaji wa binti yake anafanya kazi wapi. Nilikuwa nimevaa chapeo mpya ya kijivu, ya kwanza maishani mwangu. Tukiwa tumesimama hapo, akaingia Mbelgiji kuagiza makabati. Tajiri akanigeukia.

"Karani, toa hiyo sufuria kichwani. Huoni bwana mkubwa?"

Kabla sijainua mkono, aliinua wa kwake. Akanivua chapeo, akaitundika kwenye msumari wa misumeno, akamwambia mteja huku akicheka, "Hawa wakisoma kidogo tu, kichwa inavimba." Kilemba chake mwenyewe cha buluu kilikuwa palepale, kimefungwa vizuri, na Mbelgiji hakukisemea neno.

Baba wa binti aliangalia vumbi la mbao miguuni pake. Jioni, nyumbani kwake mtaa wa Commune Albert, aliniuliza taratibu, "Mutoto yangu, ile kofia iko ya nani? Yako ao ya Muhindi?"

Nilikuwa nimeiacha palepale msumarini.

"Mi nilikuya kuona muntu," akasema. "Niliona musumari."

Binti nilipewa. Lakini kila nilipokwenda ukweni, salamu ya kwanza ilikuwa, "Musumari, habari gani?" na shemeji zangu walishika mbavu. Nikaapa moyoni: tajiri alinivua cha kichwani, nami nitamvua chake.

Nafasi ililetwa na mama wa tajiri. Aliishi kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana, na kila saa nne alinimiminia chai ya maziwa na tangawizi, akiniita mtoto. Macho yake yalikuwa yanafungika. Daktari alisema hayatavuka mvua mbili. Alitaka jambo moja kabla ya giza: Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga, alione lile hekalu la dhahabu lililosimama katikati ya bwawa.

"Nilikuwa bibi harusi," aliniambia, "tunakwenda kupanda meli kuja Afrika. Treni ikasimama stesheni ya Amritsar. Nikamwambia mzee, tushuke kidogo tu. Akasema, tutarudi. Sasa yeye amekufa, na habari ya ule mji nimesikia mpaka masikio imechoka. Nataka macho nayo ipate."

Safari tuliipanga juu ya meza ya kuchorea makabati. Treni hadi Albertville, meli ya ziwani hadi Kigoma, treni tena hadi Dar es Salaam, kisha meli ya Bombay, na mwisho treni ya kwenda kaskazini. Tajiri alichukua kipande cha mulombwa akachonga alama tano, moja kwa kila chombo cha kupanda, ili mama yake ahesabu kwa vidole. Mama alikiweka kitandani kwake.

Kilichobaki ni kibali cha kutoka na kurudi cha tajiri, kwa kuwa mama asingeweza kusafiri peke yake. Fomu ilitaka picha ya kichwa wazi. Masingasinga hawakati nywele, wala mwanamume wao haonyeshi kichwa wazi mbele za watu. Kilemba kwao ni sehemu ya dini. Nikaenda kuuliza dirishani. Afisa alijibu bila kuinua macho, "Wale wa kilemba tunawaacha nacho. Juzi alikuja mmoja wa Jadotville na chake, tukagonga muhuri."

Nilirudi nikitembea polepole, kama mtu aliyebeba yai.

"Kichwa wazi, Bwana," nikamwambia. "Ndivyo ilivyoandikwa." Na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo. Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya ule mstari.

"Kilemba si kofia."

"Fomu haijui tofauti hiyo, Bwana."

Akaondoa kidole. "Andika barua. Omba. Wewe unajua maneno yao."

Nikaandika. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Nilimtafsiria mara mbili, akatia sahihi. Kisha nikaificha kwenye droo yangu, chini ya karatasi za msasa.

Kila Jumatatu aliuliza, "Wamejibu?"

"Bado, Bwana."

Ile "bado" ilikuwa tamu kuliko chai ya mama yake. Nilikuwa namwona akigusa kilemba kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa, nami nainamia makaratasi nisicheke.

Mvua zikaja, zikapita. Asubuhi moja mama alimimina chai kando ya kikombe. Ikatiririka mezani hadi kwenye barua zangu, naye akaendelea kumimina, akitabasamu.

"Imejaa, mtoto?"

"Imejaa, mama."

Ningeweza kusema siku ile. Nilichukua tambara nikafuta meza. Nilikuwa bado sijavua kitu.

Wiki iliyofuata tajiri alimwita mpiga picha. Aliwaruhusu mafundi waende nyumbani saa sita, akafunga mlango, akaniambia mimi nibaki nishike kitambaa cheupe cha nyuma. Akafungua kilemba mzunguko baada ya mzunguko, akakikunja magotini. Akachomoa kitana. Nywele zikaanguka hadi kiunoni, nusu nyeupe. Aliketi kwenye kigoda akaangalia vumbi la mbao, vilevile kama baba mkwe wangu alivyoliangalia. Mpiga picha akamwomba ainue uso. Akauinua. Nami nilishika kitambaa nyuma ya kichwa chake, nimekinyoosha vizuri.

Kibali kilitoka baada ya siku chache. Wakaondoka na kile kipande chao cha ubao.

Siku hiyohiyo nilikwenda ukweni nikasimulia yote, kilemba, nywele, kigoda. Shemeji zangu walicheka hadi machozi. Baba mkwe hakucheka.

"Na ule mama," akauliza, "macho yake?"

"Yalimalizika kabla ya safari."

"Basi fimbo yako ilimupita ule muntu, ikapiga mama."

Tangu siku hiyo hakuniita tena Musumari. Aliniita Karani, kama wanavyoitana watu wa ofisini wasiojuana.

Walirudi kiangazi kilichofuata. Asubuhi ya kwanza tajiri alikuja mezani kwangu.

"Kwenye meli nilikaa na fundi wa Jadotville," akasema. "Alinionyesha kibali chake, picha iko na kilemba."

Akavuta droo yangu, akainua karatasi za msasa, akatoa ile barua. Kusoma hakuweza, lakini sahihi yake aliitambua. Akaikunja, akaitia mfukoni. Nilisubiri anifukuze. Badala yake alikwenda kwenye msumari, akachukua chapeo yangu, akanivisha kwa mikono miwili mbele ya mafundi wote.

"Hii usitoe tena hapa ndani. Bwana mkubwa akija, usitoe. Mama yangu akija, usitoe. Yeye hajui, na wewe hutamwambia."

Mama aliingia akipapasa ukuta, ana chupa ndogo ya maji ya lile bwawa.

"Mtoto, uko wapi? Sikuona. Lakini pale kila mtu anavua viatu mlangoni, na sisi tuliokuja kuhiji tunakaa kuvipangusa vumbi, tajiri na maskini pamoja. Kazi hiyo haitaki macho. Nimekaa siku tatu. Jozi moja nikasema, hii ya karani, yeye alitufungulia njia."

Akanyoosha mkono anibariki kichwani. Vidole vyake vikagusa chapeo, vikasimama. Alikuwa anangoja niivue, kama mtoto yeyote mwenye adabu angefanya. Tajiri alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

Sikuivua. Mama akaipapasa ukingo wote, taratibu, kama alivyozoea kuhesabu zile alama za ubao.

"Kofia nzuri," akasema.

Niliivaa hadi saa ya kufunga, na kesho yake, na kila siku ya kazi kwa miaka minne niliyobaki pale.