Craps niliyofundishwa koridoni Bukavu, na siku maman alipoweka contre

Wakuu, salaam nyingi.

Nimeona humu watu wanaulizana jinsi ya kucheza craps kwenye kasino za mtandaoni, na majibu mengi yanatisha kama mtihani wa hesabu.

Mimi nitawaeleza kama nilivyofundishwa, halafu niwasimulie siku mchezo huo ulipotaka kutuchukulia mjomba wetu. Chumvi sitaongeza, maana wahusika wengine bado wako hai na wanashinda mitandaoni kunizidi.

Nilikulia Bukavu, mtaa wa Nguba. Vita ya pili ya Kongo ilitukuta hapo. Papa alikuwa karani kwenye ofisi iliyokuwa imeacha kulipa mishahara, na maman alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani. Tulikuwa pia na Tonton Fidèle, mdogo wake maman, aliyerudi kutoka Kinshasa alikokuwa akiwapikia marubani wa kigeni. Alirudi na begi la nguo na dadu mbili.

Risasi zikianza kulia, kila mtu wa Bukavu anajua pa kukaa: korido. Huku ukuta, huku ukuta, dirisha hakuna. Tulishinda humo mchana kutwa, na watoto wakichoka kuogopa wanaanza kugombana. Ndipo tonton akatoa dadu zake.

Sasa craps yenyewe ni hivi.

Mrushaji anarusha dadu zote mbili zikagonge ukuta wa mwisho, kisha unajumlisha. Mrusho wa kwanza ukitoa saba au kumi na moja, ameshinda. Ukitoa mbili, tatu au kumi na mbili, ameshindwa.

Namba nyingine yoyote inakuwa point. Kuanzia hapo anarusha tena na tena. Point ikirudi kabla ya saba, ameshinda. Saba ikitangulia, kwisha habari yake. Yaani ile saba iliyokuwa rafiki mwanzoni inageuka adui.

Kwenye skrini mtaona pass line na don't pass. Pass line unaweka kwamba mrushaji atashinda, don't pass unaweka kwamba atashindwa. Sisi ya kwanza tuliita "pour", ya pili "contre". Ukiweka contre tulikutania kwamba wewe ni mulozi, yaani mchawi.

Anayeanza namshauri pass line tu. Point ikishatoka anaweza kuongeza odds, yaani dau la ziada nyuma ya lile la kwanza, maana hapo kasino haijipi faida. Zile bet za katikati ya meza zenye malipo ya kuvutia achaneni nazo, zimewekwa kwa ajili ya wenye pupa.

Sisi tulicheza kwa maharage. Jioni maman aliyakusanya yote, ya mshindi na ya mshindwa, akayatia chunguni. Kwa hiyo wanaposema nyumba, yaani kasino, ndiyo inayoshinda siku zote, mimi niliielewa nikiwa mdogo sana.

Maman mwenyewe hakurusha dadu hata mara moja. Alisema askari waliomsulubisha Yesu walilipigia kura vazi lake, na yeye hawezi kushika kitu cha namna hiyo. Ila nafasi yake ilikuwa mwisho wa korido, kwenye mlango wa jikoni. Dadu ziliishia miguuni pake, na sisi wengine kwa kile kiza hatukuziona vizuri. Basi akawa msomaji wetu. Kusoma hesabu si dhambi, alisema.

Hakuna aliyembishia. Maman alikuwa mtu ambaye akipimiwa chumvi iliyozidi sokoni anarudi kuirudisha.

Alisoma kwa Kifaransa, maana kwetu Kiswahili ni cha kuongea lakini namba ni za Kifaransa. Kingine, kasino huweka kidude kilichoandikwa ON juu ya namba iliyo point. Sisi hatukuwa nacho. Point ilikaa kichwani.

Sasa tonton akaanza kusema anakwenda Kamituga kuchimba dhahabu.

Namuelewa. Mtu mzima anakula kwa dada yake, na shemeji hana mshahara. Ilimuuma. Lakini barabara ya Kamituga wakati ule ilikuwa ya kumwachia Mungu: msitu, vizuizi, wenye bunduki ambao hujui ni wa nani. Kijana wa nyumba ya pili alikwenda na hakurudi, na mama yake alikuwa bado anamwekea chakula.

Maman alimwomba, akalia, akamleta hadi padri kuzungumza naye. Tonton akabaki na neno lake.

Asubuhi moja tukiwa koridoni, tonton akiwa ameshafunga begi, maman akaanza tena kumsihi. Tonton akacheka, akachukua dadu.

"Dada, tuache kulia. Nikishinda, naenda na hautasema tena kitu. Nikipoteza, nabakia, na mimi sitasema tena Kamituga."

Papa alitaka kukataa. Maman akamshika mkono. Alikuwa ameshajaribu kila kitu kingine, nadhani. Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona: akachukua harage moja kwenye ungo, akaliweka upande wa contre.

Siku hiyo hakuna aliyemwita mtu mulozi.

Tonton akarusha. Maman akainama, akasoma, na mimi nikasikia six, yaani sita. Tonton akaenda kuokota dadu zake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi yetu, akarudi mahali pake. Point ikawa hiyo.

Akarusha tena, neuf, tisa. Akarusha tena, cinq, tano. Nilimpenda sana yule mtu, yeye ndiye aliyetufanya tucheke ndani ya vita.

Mrusho uliofuata maman alikawia kuinuka. Halafu akasema, six.

Tonton akainua mikono juu.

"Ngoja," maman akasema, macho sakafuni. "Point ilikuwa dix. Nilisema dix, sikusema six."

Papa akasema yeye alisikia six. Dada yangu akasema hapana, ni dix. Wakuu, six ni sita na dix ni kumi, ila hutamkwa "sis" na "dis"; kwenye korido yenye mwangwi, huku nje kunalia, nani ataapa? Mimi mwenyewe nikaanza kujishuku.

Wote tukamtazama tonton. Yule alikuwa mbishi wa kubishana mpaka na redio. Akamwangalia dada yake muda mrefu. Akasema basi, ni dix, akarusha tena.

Quatre na trois, nne na tatu. Saba.

Akafungua begi, akarudisha mashati msumarini. Jumamosi yake nilimwona maman kwenye foleni ya kuungama, amewatangulia wote. Sikuwaza kitu.

Tonton hakuitaja tena Kamituga. Alianza kukaanga beignets, yaani maandazi, mlangoni kwetu, zikamlisha, akaoa binti wa kutoka Katana, wakazaa. Makundi mawili ya vijana wa mtaa wetu yalikwenda kule machimboni mwaka ule. Siwezi kuwasimulia yao hapa.

Miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya maman, nilikaa karibu na tonton nikamuuliza ile point ilikuwa ngapi hasa. Akacheka, halafu machozi yakamtoka.

"Ilikuwa six. Niliokota dé na mikono yangu, quatre na deux. Lakini dada yangu hayadanganyaka mutu, hata mutoto. Nikaona kama amefika kuchafua roho yake juu yangu, mimi niende wapi tena?"

Wakuu, nampenda maman wangu jamani. Nilimpenda akiwa hai, na siku hiyo nikampenda upya.

Funzo la craps: kabla ya kurusha, hakikisha unaijua point, na usiweke mezani kitu ambacho watu wako hawawezi kukipoteza. Tonton alidhani anacheza na maisha yake peke yake.

Haya, wa pour na wa contre, leteni yenu. Maswali ya odds nitajibu kadiri ninavyojua. Msiniulize tu kama maman alikosea. Tonton Fidèle ana wajukuu sasa, na wa kwanza, msichana, ana jina la maman.