Maneno ya Hina Juu ya Vitambaa vya Kochi

Selpha alikuwa na saiba pale Kitengela, nyuma ya stage ya magari ya Namanga. Kompyuta nne, moja mgonjwa. Mwaka ni elfu mbili na nane. Bwanake Wanjala, baba ya mtoto wao Sheryl, alikuwa na mshahara kwa kiwanda huko Athi River, kwa hivyo usidhani huyu mama alikuwa analala njaa. Alikuwa na roho mbaya tu, na shiba haiponyeshi hiyo.

Watu wengi walikuwa wanaingia saiba na kubonyeza hawajui. Wanasema kitu wanatafuta, Selpha anaandika. Mzee mmoja wa Ewuaso Kedong aliingia na fimbo yake mpaka kwa kiti.

"Sopa," akasalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee. Tukutafutie nini?"

"Uliza hiyo kitu, mbona ng'ombe yangu inakula vizuri na haishiki mimba?"

Selpha akaandika kwa kompyuta, halafu akaandika tena kwa daftari yake, hivyo hivyo venye ilitoka kwa mdomo. Hiyo daftari ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Kuna watu walikuwa wanatengeneza vitu vyao na kuviuza kwa intaneti, na hakuna mtu anaviona. Ojwang, mwalimu wa Gataka, alikuwa ameweka maswali ya hesabu, akaita Mwanga wa Kesho. Mwanga gani? Selpha akafungua daftari, akasoma venye wazazi huomba, akaandika: maswali ya hesabu ya darasa la nane, na majibu. Wiki mbili, Ojwang akaanza kutafutwa.

"Mwenye anatafuta hakujui," alikuwa anawaambia wote. "Anajua shida yake. Andika hiyo shida."

Nafiso alikuwa mlango wa pili, duka ya nguo, watu wake wa Garissa. Alikuwa anachora hina, na mkono wake ulikuwa mzuri, hata Selpha hangeweza kusema vingine. Akachora maua kwa karatasi, ikapigwa skani, ikawekwa kwa intaneti mabibi arusi wa ng'ambo wanunue wajichoree. Kaka yake Abdiladif, ako Minnesota, ndiye alikuwa anapokea malipo. Michoro akaita majina ya dada zake. Miezi mitatu, kimya.

Selpha akamtengenezea. Hina ya bibi arusi, mkono mpaka kiwiko. Akaandika kwa Kiingereza, halafu kwa Kisomali, Nafiso akimtajia herufi moja moja kama mtoto wa nasari.

Chini ya ukurasa kulikuwa na kanamba kadogo kanaongezeka kila mtu akifungua. Baada ya Idi, harusi zikaanza, na kanamba ka Nafiso kakaanza kukimbia. Asubuhi mia nane, jioni elfu moja.

Sasa, Selpha naye alikuwa na yake. Vitambaa vya kochi. Mama yake alimfunza kufuma huko Bungoma, na alikuwa amechora kila tundu, mtu wa mbali anunue hiyo karatasi, afuate, afume mwenyewe. Akaita Mikono ya Selpha. Kanamba kake kalisema mia mbili na tatu, na hizo mia mbili zilikuwa yeye mwenyewe akichungulia.

Siku moja saa nane mchana Nafiso akaingia mbio.

"Mama Sheryl! Kuna mama ako Norway, anataka ya miguu!"

"Norway."

"Wallahi hata sijui iko upande gani!"

"Utaenda ujue," Selpha akasema, macho kwa kompyuta.

"Na vitambaa vyako, bado?"

Nafiso hakuuliza kwa ubaya. Hapo ndipo kisu kiliingia. Kama angecheka, Selpha angemtukana na iishe.

Nafiso kutoka tu, Selpha akafungua ukurasa wa hina, kwa sababu pasiwadi alikuwa nayo. Akatoa maneno yote mazuri, akarudisha majina ya dada. Halafu hayo maneno akayabandika juu ya vitambaa vyake vya kochi. Yote. Hata ya Kisomali.

Siku nne alikuwa mbinguni. Kanamba kakapita elfu. Akapika chapati Jumanne.

"Leo kuna nini?" Wanjala akauliza.

"Wamenipata, baba Sheryl. Dunia nzima imenipata."

Siku ya tano imeli zikaanza. Ya kwanza ilisema: Mama, naolewa Jumamosi. Nilitaka hina. Sasa nitaenda kwa bwana nimevaa kitambaa cha kochi kwa mkono? Ya pili ilimwita mwizi. Kununua, hakuna hata mmoja.

Nafiso akaja, hakukimbia safari hii. Akavuta kiti.

"Kaka yangu amepiga simu. Anatafuta hina, anaonyeshwa kochi."

"Intaneti imebadilika."

"Fungua nione."

Selpha angekataa, lakini watu walikuwa wamejaa, wote wanaangalia. Akafungua. Nafiso akasoma polepole, kidole kwa kioo.

"Haya ya Kisomali nilikutajia mimi, herufi moja moja. Hapa kwa hiki kiti. Intaneti ilinisikia wapi, Mama Sheryl?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka.

Nafiso akachukua maneno yake akarudisha kwake, akabadilisha pasiwadi, mgongo akimpa mwenye saiba. Akasimama.

"Si ungeandika tu vitambaa vya kochi? Wewe ndiye ulitufunza."

Akaenda akanunua daftari yake. Ojwang alisikia, na kazi yake iliyofuata akapeleka mlango wa pili. Nafiso aliandika akiwa amekaa katikati ya mitumba na mitandio, na watu wakamfuata huko.

Selpha alifuta maneno ya hina. Vidole vikakaa juu ya herufi. Vitambaa vya kochi, maneno matatu tu, na alijua kabisa yangefanya kazi. Lakini yalikuwa yametoka kwa mdomo wa Nafiso. Akaandika Mikono ya Selpha.

Asubuhi akafungua aone. Kanamba kalikuwa kameongezeka moja. Alijua ni nani.