Mikono ya Mkunga

Gari la mkunga lilikuwa kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mwenyewe alilipenda kupita kiasi. Aliliosha kwa mikono yake kila Jumamosi, huku akiligombeza kama mtoto mtukutu, na ole wake abiria aliyebamiza mlango. Kwa hiyo usukani ulipoanza kutetemeka, hakuudhika tu, aliingiwa na hofu. Macho yake hayakwenda kwenye usukani. Yalikwenda kwenye mikono yake.

Mikono hiyo ilikuwa imepokea watoto wa mtaa mzima, kisha ikapokea watoto wa watoto hao. Umri nao ulikuwa umesogea. Hakumwambia mtu, ila tangu siku hiyo kila alipoingia chumba cha kujifungulia alimwachia mwenzake kazi, yeye akajifanya ana shughuli kabatini.

Gari alilipeleka kwa fundi aliyeitwa Taratibu. Jina alipewa na mafundi wenzake, wala si kwa upole wake: bwana huyo aliendesha magari ya watu kana kwamba amepakia mayai. Tena alikuwa na mwiko wake, kwamba gari halijaribiwi mwenye gari akiwa ndani, kwa sababu wenye magari wana midomo. Basi alibadilisha vichwa vya fimbo za usukani, akasawazisha magurudumu, akazunguka mtaa peke yake, akarudi akitabasamu. Gari halina neno, alisema. Mkunga akalichukua, akashika barabara kuu, na mahali pa kwanza palipobonyea, usukani ukamtikisa hadi meno.

Alilirudisha, akaambiwa yale yale. Aliporudi tena, Taratibu alimvuta pembeni kifunguamimba wa mkunga, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, akamnong'oneza kwamba huenda ugonjwa hauko kwenye gari. Kijana huyo hajapata kutunza siri tangu azaliwe. Kabla hawajafika nyumbani alikuwa ameshasema yote, na kuongeza kwamba gari liuzwe, mama apumzike.

Kesho yake mkunga alitinga gereji asubuhi, akafungua mlango wa abiria, akamwamuru Taratibu aingie. Fundi akaanza kumsomea habari za mwiko.

"Mwanangu, wewe nilikupokea mimi, ukaja umetanguliza miguu," mkunga alisema. "Ingia."

Akaingia. Kwenye barabara kuu mkunga alikanyaga mafuta, na Taratibu, ambaye hakuwa amezoea kuona miti ikikimbia hivyo, akashika mshikio wa mlango na kuanza kusali chinichini. Gurudumu la mbele likadundia pale palipobonyea. Usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia kama umepandwa na mashetani.

"Shika wewe," mkunga alisema, akainua mguu kwenye mafuta, akaachia mikono yote miwili.

Taratibu aliurukia usukani, ukamtikisa mabega mpaka kofia ikamdondoka. Mkunga hakumtazama. Alikuwa akitazama mikono yake, imelala mapajani, imetulia tuli.

Waliporudi gereji, fundi alipiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalisukasuka. Likagonga ndani, ko, ko. Beringi zinazobeba gurudumu linapokata kona zilikuwa zimelika zamani, na ule mwendo wake wa mayai haukupata kuziamsha hata mara moja.

"Nisamehe, mama," alisema akiwa bado chini ya gari. "Mikono yako niliisingizia."

Mkunga alicheka hadi akafuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Beringi mpya zilipofungwa, alipita pale pale kwa mwendo ule ule, usukani ukakaa kimya. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini nyumbani alipapita. Alikwenda moja kwa moja hadi zahanati, akanawa mpaka viwikoni, akafungua pazia la chumba cha kujifungulia. Mwenzake alikuwa ameshainama kumpokea mtoto.

"Nipishe," mkunga alimwambia. "Huyu ni wangu."